MAMBO YA NYUMBANI: Akiba ya Biskuti kwa Ajili ya Mgeni



Mwezi huu nimeona vema kulijibu swali la mke wa mwalimu mmoja, maana najua ya kuwa swali lake ni la nyumba nyingi. Asema kwamba nyumba yao i karibu na kanisa na shule, na wageni hawakatiki. Leo ni mwinjilisti apitaye, kesho ni wazazi wa mtoto wa shule, kesho kutwa ni wazee wa kanisa. Mumewe huwakaribisha kwa moyo mweupe, wala yeye mwenyewe hachukii wageni. Lakini kila hodi ipigwapo, humtuma binti yake dukani akatwae pakiti ya biskuti kwa kuandikiwa daftarini, na mwisho wa mwezi deni hilo limekwisha kula fedha ya sabuni na ya madaftari ya watoto. Auliza: je, apunguze wageni, ama afanyeje?

Mama mpenzi, usipunguze wageni. Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone, nao hawakusema, Mgeni njoo, mwenyeji akope. Ukarimu ni jambo jema, lakini ukarimu ulipwao kwa fedha ya daftari la mtoto una mtu anayeumia nyuma ya pazia. Tena si fedha peke yake. Binti atumwaye dukani kila jioni huacha kitabu chake, na mama aingiaye jikoni kwa haraka hasikii maneno ya mgeni wala hakai katika sala ya kuagana. Twamkumbuka Martha, aliyesumbuka kwa utumishi mwingi hata akamnung'unikia ndugu yake. Neno la kutazama basi si idadi ya wageni, bali ni kazi ya siku ya mgeni. Kazi hiyo yaweza kufanywa mbele, siku ya utulivu.

Njia nitakayoieleza ni hii: kukanda unga wa biskuti siku moja, kuugandisha kwa baridi ya friza, kisha kuoka chache tu kila wageni wanapofika. Nawaandikia hasa wale walio na friza nyumbani. Asiye nayo asikope ili ainunue kwa ajili ya jambo hili. Nitamweleza njia yake mbele kidogo.

HABARI YA ASILI YAKE

Neno biskuti limesafiri mbali hata kutufikia. Asili yake ni maneno ya Kilatini yenye maana ya kupikwa mara mbili, kwa kuwa mabaharia wa zamani walichukua mikate iliyookwa kisha ikakaushwa tena, isipate kuoza baharini. Biskuti laini za nyumbani ni ndugu za mbali za mikate ile. Wamarekani huziita kwa jina lililotoka katika lugha ya Kiholanzi, maana yake keki ndogo.

Desturi ya kuweka donge la biskuti katika baridi ilienea sana huko Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, majokofu yalipoanza kuingia katika nyumba za watu. Akina mama walikanda unga, wakauviringisha mfano wa gogo dogo, wakauweka katika sanduku la barafu, kisha wakakata vipande kwa kisu kila walipotaka kuoka. Katika miaka iyo hiyo mtu mmoja aitwaye Clarence Birdseye aliendeleza ufundi wa kugandisha chakula kwa haraka. Alikuwa amekaa Labrador, katika nchi ya baridi kali, akaona jinsi wenyeji wa huko walivyogandisha samaki upesi katika upepo wa barafu, na jinsi samaki wale walivyokuwa wazuri walipoyeyushwa. Mwaka 1930 vyakula vilivyogandishwa kwa njia yake vilianza kuuzwa katika maduka ya mji wa Springfield, Massachusetts. Twaona basi ya kuwa maarifa haya hayakuanzia katika kiwanda. Yalianza kwa wavuvi wa barafuni, na mtu mwenye macho akawatazama.

KWA NINI DONGE HALIHARIBIKI

Chakula huharibika kwa sababu ya vijidudu vinavyozaana ndani yake, na kwa sababu ya mabadiliko mengine yanayokwenda polepole, kama mafuta kuchacha. Katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri vijidudu haviwezi kuzaana, na mabadiliko yale mengine huenda kwa mwendo wa kobe. Hiyo ndiyo baridi ipasayo katika friza.

Donge la biskuti lafaa sana kugandishwa, kupita vyakula vingi, kwa kuwa lina siagi na sukari nyingi na maji machache. Maji ndiyo yanayoharibu umbo la chakula yanapoganda, maana hugeuka chembe za barafu zenye kuchoma na kupasua. Ndiyo sababu nyanya iliyogandishwa hulegea iyeyukapo. Lakini uji wa keki, ulio mwepesi na wenye maji, usiwekwe hivi; hewa yake hupotea, na keki yake hutoka nzito kama tofali.

VIPIMO NA KUKANDA

Kwa biskuti zipatazo 35, twaa vitu hivi:

Unga wa ngano, gramu 300.
Siagi, gramu 200, iliyolegea bila kuyeyuka.
Sukari, gramu 150.
Yai 1.
Beking pauda, kijiko 1 cha chai.
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.
Iliki iliyotwangwa, nusu ya kijiko cha chai. Au arki ya vanila, kijiko 1 cha chai.

Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zigeuke nyeupe na laini. Tia yai, upige tena. Chunga unga pamoja na beking pauda, chumvi na iliki, kisha utie kidogo kidogo, ukichanganya mpaka liwe donge moja lisiloshika mikono sana. Usikande kwa nguvu kama unga wa mkate, maana biskuti zitakuwa ngumu. Ukipenda nazi iliyokaushwa au karanga zilizokaangwa na kupondwapondwa, tia konzi moja. Lakini kumbuka ya kuwa wako watu ambao karanga huwadhuru, hata kuwatia hatarini. Basi umwulize mgeni kabla ya kumwandalia.

KUGANDISHA

Ziko njia mbili, na kila moja ina faida yake.

Njia ya kwanza ni ya vidonge. Finyanga vidonge vya kadiri ya ndimu ndogo, uvibonyeze kidogo kwa kiganja, uvipange juu ya sinia iliyotandikwa karatasi, visigusane. Weka sinia hiyo katika friza kwa saa 1 au 2. Vikisha kuwa vigumu kama kokoto, vitie katika kopo lenye kifuniko kinachobana. Usivitie katika kopo kabla havijaganda, maana vitashikamana vyote, na siku ya mgeni utahitaji shoka.

Njia ya pili ni ya gogo. Viringisha donge liwe na unene wa vidole viwili au vitatu, ulifunge katika karatasi ya kuokea, kisha katika kifuniko kingine kisichopitisha hewa. Siku ya kuoka, litoe nje dakika 10 hata kisu kiweze kupita, ukate vipande vyenye unene wa nusu ya sentimita au kupita kidogo, na lililobaki lirudi mahali pake upesi. Njia hii yafaa kwa nyumba yenye friza ndogo, kwa kuwa haitaki nafasi ya sinia.

Kifuniko si jambo dogo. Katika friza barafu ya chakula hupotea polepole hewani bila hata kuwa maji kwanza, na chakula hubaki kikavu chenye madoa meupe. Tena siagi huvuta harufu. Donge lililolala wazi kando ya samaki litatoa biskuti zenye habari za samaki, na mgeni atakaa kimya kwa adabu.

Andika tarehe juu ya kopo. Donge likiwa katika friza yenye baridi ya kutosha, litumie kabla ya miezi 3 kwisha. Baada ya hapo ladha yake hupungua. Ikiwa una jokofu la mlango mmoja lenye chumba kidogo cha barafu ndani, baridi yake mara nyingi haifiki digrii 18 chini ya sifuri. Basi usiweke kwa miezi, bali utumie katika majuma mawili. Na katika sehemu ya chini ya jokofu, isiyogandisha, usipitishe siku 2 au 3.

KUOKA

Wageni wakifika, washa tanuri lipate moto wa digrii 180, kisha wapelekee maji ya kunywa na kukaa nao. Vidonge havina haja ya kuyeyuka kwanza. Vipange kwenye sinia moja kwa moja kutoka katika friza, uviachie nafasi ya vidole viwili. Biskuti za donge bichi huiva kwa dakika 10 mpaka 12. Zilizogandishwa ziongezee dakika 2 au 3. Zitazame ukingoni: ukingo ukiwa na rangi ya dhahabu na kati pakiwa bado peupe, zitoe. Huwa laini zitokapo, kisha hukauka zipoapo. Utaona pia ya kuwa donge la baridi halitambai sana juu ya sinia, kwa kuwa siagi yake huchelewa kuyeyuka na unga hupata nafasi ya kushikamana kwanza; kwa hiyo biskuti hutoka nene na zenye umbo zuri.

Asiye na tanuri aoke kama tunavyooka mkate wa sinia: sufuria nzito juu ya jiko lenye makaa machache, sahani ya bati ndani juu ya vijiwe vidogo, kifuniko juu, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Hapo hatuna kipimo cha digrii. Macho na pua ndiyo kipimo, basi usiende mbali.

Hesabu yake ni nyepesi. Wageni 4 wakila biskuti 2 kila mmoja, ni biskuti 8. Donge moja la biskuti 35 latosha kukaribisha mara 4, na 3 zabaki kwa watoto. Lakini tuseme na jambo la upande wa pili: tanuri kubwa la umeme likiwashwa kwa biskuti 8 tu laweza kula faida yote. Kwa wachache tumia tanuri dogo au sufuria ya makaa, au uoke siku ile ile unapooka mkate.

MAONYO MAWILI

La kwanza lawahusu watoto. Donge bichi lina utamu, na watoto hulipenda. Wapo hata watu wazima wanaolamba mwiko. Jambo hili lina hatari ya kweli. Yai bichi laweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Tena wengi hawajui ya kuwa unga wenyewe ni kitu kibichi. Ngano hutoka shambani, panapopita wanyama na ndege, na kusagwa hakuui vijidudu vilivyomo. Mwaka 2009 huko Marekani watu zaidi ya 70 katika majimbo 30 waliugua kwa sababu ya vijidudu vya E. coli, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamekula donge bichi la biskuti lililouzwa tayari madukani. Mwaka 2016 wengine 63 katika majimbo 24 waliugua kwa ajili ya unga. Ugonjwa huu kwa mtoto mdogo waweza kufika hata katika figo.

Wala mtu asidhani ya kuwa friza imelisafisha donge. Baridi hulaza vijidudu, haiviui; donge likiyeyuka huamka. Kinachoviua ni moto wa kuoka. Basi ifundishwe nyumbani sheria hii moja: mwiko haulambwi, na mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kukanda. Mtoto anayetaka kuonja apewe biskuti ya kwanza itokayo motoni.

La pili lahusu umeme kukatika, jambo lisilo geni kwetu. Umeme ukikatika, usifungue friza kutazama. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, yaweza kutunza baridi yake yapata saa 48. Iliyojaa nusu, yapata saa 24. Umeme ukirudi, ligushe donge. Likiwa bado gumu au lina chembe za barafu, laweza kugandishwa tena, ijapokuwa biskuti zake hazitavimba kama za awali. Likiwa limelegea lakini lingali baridi kama kitu kilichotoka jokofuni, lioke lote siku ile ile, ukawagawie majirani. Likiwa limepata joto la chumba zaidi ya saa 2, litupe bila kusikitika. Dawa ya hospitali ni ghali kuliko gramu 300 za unga.

KWA ASIYE NA FRIZA

Pima unga, sukari, beking pauda, chumvi na iliki kwa vipimo vile vile, uchanganye vikiwa vikavu, utie katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, uandike tarehe. Mchanganyiko huu wakaa mwezi mzima mahali pakavu pasipo jua. Mgeni afikapo, ni siagi na yai tu vinavyokosekana. Sugua siagi ndani ya unga kwa vidole, funga kwa yai, uoke. Ukiwa na wageni wachache, tumia nusu ya mchanganyiko, nusu ya siagi, na yai lililopigwa ugawe nusu. Kazi hii haizidi dakika 15 kabla ya kuoka, wala haikuhitaji kumtuma mtu dukani.

NENO LA MWISHO KWA NYUMBA ZETU

Wako ndugu wasemao kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Hukumbuka mana ya jangwani iliyoingia funza ilipowekwa hata asubuhi, na yule tajiri katika mfano wa Bwana aliyejenga ghala kubwa kwa ajili ya nafsi yake. Maneno hayo ni ya kweli, lakini Yusufu naye alijaza ghala miaka saba, na kwa ghala zile watu wa Misri na ndugu zake mwenyewe waliponywa njaa. Tajiri yule alijiwekea. Yusufu aliwawekea wengine. Mama akandaye unga siku ya Jumamosi kwa ajili ya mtu asiyemjua bado, ambaye atapiga hodi siku ya Jumatano, hawezi kuhesabiwa pamoja na yule tajiri.

Nanyi akina baba, hasa ninyi waalimu, mna sehemu yenu. Ibrahimu alipowaona wageni watatu katika joto la mchana, alimwambia Sara akande unga upesi. Lakini yeye mwenyewe hakukaa kitako akingoja. Alipiga mbio akachagua ndama, akasimama karibu nao walipokuwa wakila. Baba anayekaribisha watu na ajue kuwasha jiko na kupanga vidonge 8 juu ya sinia. Si kazi ya kumwaibisha mtu. Tena kabla ya kusema karibuni kwa wote baada ya ibada, amwulize mkewe kama kopo lina kitu.

Na wewe, mama uliyeuliza, anza kwa kulipa lililoandikwa daftarini, hata kwa kidogo kidogo, maana dawa ya deni ni kulipa. Wakati huo huo kanda donge moja tu, uone litafika siku ngapi. Ikiwa mwisho wa mwezi binti yako hajatumwa dukani jioni hata mara moja, umepata faida iliyo kubwa kuliko fedha. Wahenga walisema, Akiba haiozi. Na akiba hii, ikifunikwa vema na kuandikwa tarehe, haiozi kweli.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya kukausha mboga za majani wakati wa mvua, zipate kutufaa wakati wa kiangazi. Wenye maarifa katika jambo hilo na waandike, nasi tutayapokea kwa furaha. Amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu.